Majina ya Chumba Namba Kumi na Mbili

Texas, karibu na Dallas
5 Januari 2025

Mwalimu wangu Bi. Tolliver,

Kesho shule inafunguliwa, na najua habari itakufikia kabla ya barua hii. Pengine Otis mfagizi atakupigia simu, au utaikuta kanisani. Nimeondoka Tarlow. Kuanzia kesho nafundisha hisabati katika wilaya moja ya shule huku Texas. Chumba namba 12 sirudi tena.

Ningekupigia, lakini kila nikiishika simu najiona nina miaka kumi na minne, nimesimama mbele ya meza yako bila kazi ya nyumbani. Ndiyo maana naandika.

Nafasi hii imetokea ghafla, katikati ya likizo. Walitaka mtu haraka. Hali yangu unaijua: tulikuwa watatu wa hisabati, Bi. Crenshaw akastaafu, yule kijana wa Memphis akaondoka kabla hajajua choo kiko wapi, nikabaki peke yangu na wanafunzi mia moja na sitini. Saa kumi na moja alfajiri niko kwenye usukani wa basi la shule, jioni vilevile. Na sasa mke wangu Keisha ana mimba ya miezi sita. Huku wanalipa karibu mara moja na nusu ya mshahara wa Tarlow, na basi lina dereva wake.

Nina ombi moja. Unaukumbuka mlango wa stoo, upande wa ndani, ambapo kila mwalimu wa chumba kile huandika jina na miaka aliyofundisha siku anayoondoka? Niandikie langu chini ya lako. Sikupata nafasi.

Nisalimie watoto.

Mwanafunzi wako,
Rodrick Ames


Tarlow, Mississippi
14 Januari 2025

Rodrick,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikitafuta neno "samahani", sikuliona. Zamani ningekurudishia ukaiandike upya.

Usishangae herufi zangu kuwa kubwa hivi. Nimenunua kalamu nene, na mkono wa mzee hupenda nafasi.

Watoto utawasalimia mwenyewe. Otis ameniambia kwamba Jumatatu ile walikaa dakika arobaini vitabu vikiwa wazi, wakikungoja. Siku ya kufunga uliwaambia, "Januari tukirudi, mtihani wa sura ya sita." Basi walikuwa wamesoma. Yule binti wa Strowder, Jakayla, anayetaka kwenda kusomea uuguzi, alikuja na penseli mbili amezichonga. Halafu akaingia Bwana Haddix, mkurugenzi wa shule za wilaya yetu, akasema Bwana Ames ameacha kazi, fungeni vitabu mwende ukumbi wa michezo. Habari yenyewe ndiyo hiyo, haikuchukua hata dakika mbili.

Mimi nilisimama kanisani Mount Nebo nikawaambia watu wachange ili wewe ununue vitabu vya chuo, na wewe ukasimama baada yangu ukasema utarudi nyumbani kufundisha. Ukarudi, sikatai. Miaka minne si haba, wengine hawafiki hata Novemba. Lakini mtu mzima huaga.

Mlango wa stoo una majina tangu mwaka 1958, na hakuna hata mmoja aliyeandikiwa na mwenzake. Njoo uandike mwenyewe.

Lile koti walilokununulia Krismasi kwa sababu hita ya chumba ni mbovu na ulikuwa unatetemeka ubaoni, linakutosha?

E. Tolliver


Texas
22 Januari 2025

Mwalimu wangu,

Samahani. Naliandika juu kabisa ili usilitafute.

Koti linanitosha. Huku halina kazi, liko kabatini, na kila nikifungua kabati nalifunga upesi. Siku ile walinivalisha wao wenyewe, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule, wakapiga makofi, nikatoka nalo hadi kwenye gari nikiwapungia. Aibu ya siku ile bado haijanitoka.

Tafadhali niambie jambo moja tu: Aljebra ya Pili inafundishwa na nani? Bila somo hilo, na bila mwalimu mwenye leseni kulitia sahihi, Jakayla hapokelewi kwenye uuguzi. Yeye na wenzake kumi na wanane. Nikishika chaki hapa, ndilo ninalolifikiria.

Rodrick


Tarlow
1 Februari 2025

Rodrick,

Acha kujitesa. Darasa limepata mwalimu. Ana leseni, ni mtu wa hapa hapa, na uzoefu anao wa miaka mingi. Jina lake limebandikwa mlangoni. Somo halikufutwa, na hati za watoto zitakuwa sawa.

Paa la kanisa limeanza kuvuja juu ya kwaya, kwa hiyo sauti za juu zinaimba na mwavuli. Jumamosi tulikaanga kambare kupata fedha za mabati, na shemeji yangu akachoma unga wote wa mahindi akaanza kulaumu jiko.

Mtunze mkeo.

E. Tolliver


Texas
8 Februari 2025

Kwa Mwalimu Mpya,
Chumba namba 12, Shule ya Sekondari Tarlow

Ndugu mwalimu,

Hatujuani. Mimi ndiye niliyekuachia mzigo. Nimeambiwa una uzoefu, kwa hiyo sikufundishi kazi. Nakutumia tu maandalio yangu ya sura ya sita hadi ya kumi, pamoja na majibu.

Pembeni nimeandika machache kuhusu watoto. Terrell hucheka akiwa hajaelewa, usimtoe nje. Mapacha wa Boyd usiwatenganishe, mmoja husikia vibaya na mwenzake humrudishia. Jakayla Strowder haulizi swali mbele ya watu; pita karibu na dawati lake, atakuuliza kwa kunong'ona.

Ahsante kwa kukubali. Tangu nisikie kwamba upo, napata usingizi.

R. Ames


Tarlow
19 Februari 2025

Kwa Bwana Ames,

Barua yako kwa Mwalimu Mpya imefika. Nimeifungua mimi, maana hapa chumbani hakuna Mwalimu Mpya.

Ngoja nikueleze. Mlangoni pana karatasi imeandikwa "Aljebra ya Pili: Bi. E. Tolliver." Wiki ya kwanza tuliichangamkia, kwa sababu kila mtu hapa mama yake au bibi yake alifundishwa na Bi. Tolliver. Terrell alivaa shati la kola. Hakuja. Wiki ya pili hakuja. Anayekuja ni Kocha Bynum. Anatufungulia kompyuta, anasema, "Fuateni maelekezo, mkikwama kwameni kimyakimya," halafu anatazama video za mechi. Tumemuuliza kuhusu Bi. Tolliver, akasema, "Jina lake ndilo lililoajiriwa, yeye hakuajiriwa." Alikuwa anatania, lakini matokeo ya Januari yalipotoka yalikuwa na sahihi ya Bi. Tolliver kweli. Mimi nimepewa B. Sijui nimeipata kwa lipi.

Hizo karatasi zako nimezisoma nyumbani. Sasa kompyuta zikigoma, na zinagoma kila siku, nasimama ubaoni na kufundisha ninachokielewa. Terrell ananiita "Profesa Strowder" na kuniomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikikwama tunakwama wote. Sura ya saba tumekwama siku nne.

Kumbe ulijua kwamba huwa siulizi mbele ya watu. Siku hizi naongea mbele ya watu, sina hiari.

Jakayla Strowder


Texas
24 Februari 2025

Bi. Tolliver,

Jakayla ameniandikia. Mwalimu mwenye uzoefu ni wewe!

Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ana leseni, ni mtu wa hapa hapa." Na mimi nikamshukuru kwa barua, nikalala usingizi mzuri, huku binti wa miaka kumi na sita akisimama ubaoni badala yangu na badala yako. Uliwahi kuninyima alama kumi kwa kunakili jibu moja la mwenzangu Vernon, ukasema sahihi ya mtu ni uso wake. Leo unatia sahihi alama za watoto ambao hujawahi kuwaona.

Angalau mimi nimeondoka waziwazi.

Rodrick


Tarlow
4 Machi 2025

Rodrick,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Kila ulichokisema ni kweli, isipokuwa mstari wa mwisho.

Nianze na yangu. Haddix alikuja nyumbani Januari 10, akala pai yangu ya viazi vitamu vipande viwili, akasema ametangaza nafasi majimbo matano na hakupata hata barua moja. Akasema bila jina lenye leseni atalifuta somo, na watoto kumi na tisa watakosa. "Jina lako tu, Bi. Tolliver. Hata kuja si lazima." Leseni yangu huwa naihuisha kila inapofika wakati, kwa majivuno tu, ili nijione bado ni mtu. Nikatia sahihi. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya watoto.

Si kweli yote. Ningeweza kumwambia, "Nitakuja mwenyewe." Sikumwambia kwa sababu sioni, Rodrick. Hakuna kalamu nene niliyonunua. Jicho la kushoto limekufa tangu mwaka jana na la kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Barua zako nazisoma kwa kioo cha kukuzia, neno moja moja. Niliona aibu watoto wa watu niliowafundisha wanione napapasa ukuta kutafuta ubao. Nikaona heri wanikose kabisa. Basi nikakaa nyumbani na jina langu likaenda shule bila mimi. Alama za Januari alizileta Haddix zimeshajazwa, akaniwekea kidole pa kutia sahihi. Sikuzisoma. Nisingeweza kuzisoma.

Nina miaka sabini na mitatu na sijawahi kuona aibu kama hii.

Sasa yako. Haddix akila pai huongea. Alinionyesha barua yako ya kuomba uachiliwe mkataba usije ukanyang'anywa leseni. Ina tarehe 11 Oktoba. Nafasi haikutokea ghafla, na likizo haihusiki. Mlipatana: yeye akuachilie, wewe unyamaze hadi Krismasi wazazi wasije wakahamisha watoto. Oktoba yote, Novemba yote, Desemba, ulikuwa unawaahidi sura ya sita. Nililijua hilo nilipokuandikia mara ya kwanza, na nikanyamaza, kwa sababu ningekufichua wewe ningelazimika kujifichua mimi.

Jumatatu nakwenda Chumba namba 12. Otis atanipeleka. Haddix nimemwambia kwamba akinizuia nitasimama kanisani niseme yote, langu likiwa la kwanza. Watoto nao nitawaambia yote, pamoja na Oktoba. Nakujulisha mapema ili lisikuvizie.

Nitumie lile koti. Nimesikia hita bado ni mbovu.

Ernestine Tolliver


Tarlow
30 Machi 2025

Kwa Bwana Ames,

Bi. Tolliver amekuja. Ana wiki ya tatu sasa.

Siku ya kwanza aliingia ameshika mkono wa Otis. Alihesabu madawati kwa kuyagusa, akafika mbele, akageuka. Alikuwa anautazama ukuta wa madirisha, sisi tuko kulia kwake. Hakuna aliyecheka. Akasema, "Jina langu liko mlangoni tangu Januari, mimi nimekuja leo. Niliwadanganya ninyi na mama zenu. Sioni vizuri na niliona haya. Naomba radhi." Halafu akaita majina yote kwa kichwa. Kila aliyeitika aliambiwa bibi yake alikuwa dhaifu wapi. "Boyd? Bibi yenu alikuwa haziwezi hesabu za sehemu kabisa. Tuombe Mungu haikurithiwa." Tulicheka hadi Kocha akachungulia.

Mimi naandika ubaoni, yeye anasikiliza. Nikikosea anasikia kwa chaki, sijui vipi. Anasema, "Mkono umesita hapo, rudi." Sura ya saba tuliimaliza kwa siku mbili. Haiendi vizuri kila siku. Kuna siku anachoka, analala kwenye kiti, tunanyamaza.

Amelivaa koti lako. Linamfika magotini.

Ametuambia pia habari ya Oktoba. Nimepiga hesabu. Koti tulilinunua Desemba 17. Terrell alitoa hela aliyokuwa anaiweka kwa ajili ya viatu. Kwa hiyo tulipokuwa tunakuvalisha wewe ulikuwa ushaondoka zamani, na ukasema ahsante.

Sikuandikii hivi ili ujibu.

Jakayla Strowder


Texas
6 Aprili 2025

Kwa Jakayla na darasa zima,

Hukutaka jibu lakini nalileta. Ni kweli. Niliandika tarehe 11 Oktoba. Nilikuwa nimechoka hadi nikawa natamani basi liharibike njiani nipumzike pembeni. Hilo linaeleza kwa nini niliondoka. Halielezi kwa nini nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda mnavyonitazama na sikutaka mwache kabla sijafika mbali. Terrell, nisamehe.

Jumamosi sina kazi. Nikipatiwa nafasi naweza kuwafundisha kwa kompyuta, kwa muda wa saa mbili kila wiki, hadi mtihani wa Mei. Bi. Tolliver atapumzika kidogo. Semeni tu.

R. Ames


Tarlow
23 Mei 2025

Kwa Bwana Ames,

Samahani kwa kuchelewa. Barua yako tuliisoma darasani na Bi. Tolliver akasema jambo hili si lake, tupige kura. Kumi walisema hapana, tisa walisema ndiyo. Terrell alisema ndiyo. Mimi nilisema hapana.

Sikusema hapana kwa hasira. Jumamosi moja ungepata dharura, na mimi ningekuwa nimeshachonga penseli.

Matokeo yametoka. Tumefaulu kumi na wanne kati ya kumi na tisa. Pacha mmoja wa Boyd kafaulu na mwingine hakufaulu, wamelia wote wawili. Mimi nimefaulu. Uuguzi wamenipokea kwa mwaka kesho. B yangu ya Januari Bi. Tolliver aliifuta akanitahini upya kwa mdomo, nikapata C, na amekataa katakata kuirudisha.

Mwezi wa nane hatujui atakuja nani. Haddix anatangaza tena.

Hongera kwa mtoto, tumesikia.

Jakayla


Texas
15 Juni 2025

Mwalimu wangu Bi. Tolliver,

Wiki iliyopita nilikuja Tarlow na sikupita kwako. Nilimleta mtoto mama yangu amwone, nikakaa siku moja. Nilipita mbele ya nyumba yako kwa gari, nikakuona barazani umekaa, ukageuza uso kuelekea sauti ya injini. Sikusimama. Naliandika hili mwenyewe kabla hujaambiwa na mwingine, maana hicho ndicho nilichojifunza mwaka huu.

Nilikwenda shule. Otis alinifungulia Chumba namba 12, akaendelea kupiga deki. Uliniambia nije niandike jina langu mwenyewe. Nilikuwa nimenunua kalamu ya wino mzito, nimeitia mfukoni. Njia nzima kutoka Texas nilikuwa napanga maneno: "R. Ames, 2020 hadi 2024." Nilidhani nikishaliandika nitaweza kuja kukugongea mlango.

Nikafungua stoo. Nikaliona jina lako, 1974 hadi 2011, na pembeni, kwa zile herufi kubwa, Machi hadi Mei 2025. Chini yake pana mwandiko wa Jakayla: "J. Strowder, Januari hadi Machi 2025."

Na katikati yenu wameniandikia. Umesema tangu mwaka 1958 hakuna aliyeandikiwa na mwenzake, basi mimi ndiye wa kwanza. Nadhani ni mkono wa Terrell, R yake naijua. Ameandika: "Bw. R. Ames, Agosti 2020 hadi Oktoba 11, 2024."

Nilisimama pale hadi Otis akamaliza deki. Kalamu ilikuwa mfukoni. Niliisoma ile tarehe mara nyingi nikitafuta kosa, kama ulivyotufundisha kukagua jibu, na sikuliona. Nikafunga mlango wa stoo, nikamrudishia Otis ufunguo.

Rodrick